Dafne ya pindo la manjano: maswali ya wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kuhusu mmea mmoja, hata pale mwandishi asipoujua jina. Ni Daphne odora 'Aureomarginata'. Hapa tutauita dafne, yaishe. Ni kichaka cha mita 1 hadi 1.5, kipana kama kilivyo kirefu, kisichopukutisha majani wakati wa baridi. Kila jani lina ukingo mwembamba wa manjano, kama kanga na pindo lake. Katika nchi za baridi huchanua Januari hadi Machi, maua madogo yaliyoshikana kishada kwenye ncha za matawi, nje zambarau-waridi, ndani karibu meupe.

Asili yake ni Uchina, na Wajapani wameupanda kwa karne nyingi. Wao huuita jinchoge, jina lililounganishwa kwa vitu viwili ambavyo msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa: udi na karafuu. Kwenye udi kuna undugu wa kweli, kwani mti wa udi, Aquilaria, na dafne ni wa familia moja ya mimea, Thymelaeaceae. Ila msitarajie harufu ya chetezo. Ya dafne ni tamu, ina uchachu wa ndimu kwa mbali, na siku isiyo na upepo unaipata hatua kadhaa kabla hujauona mmea.

Swali: Nimenunua mche wa dafne kwenye chungu cha lita 3. Bustani yangu ni ya mfinyanzi, mvua ikinyesha maji yanatuama. Nipande wapi, na vipi? (Msomaji, Leicester)

Jibu: Wengi huanza kwa kuuliza jua. Wewe anza na maji, maana ndiyo yanayoua dafne nyingi kuliko baridi.

Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini mahali unapopafikiria. Lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena. Baada ya saa 4 kama bado kuna maji ndani, hapo usipande usawa wa ardhi. Na usifanye kosa la kuchimba shimo kubwa na kulijaza mboji laini. Kwenye mfinyanzi shimo hilo linakuwa bakuli: maji ya eneo zima yatakimbilia humo na kukaa, na mche utakuwa umesimama kwenye supu kuanzia Novemba.

Jenga tuta la mviringo badala yake, kimo sentimita 20 hadi 25, upana mita 1 au zaidi. Kwanza tifua udongo wa chini kwa uma wa bustani ili tuta lishikane nao. Kisha changanya sehemu 2 za udongo wa juu wa bustani hiyo hiyo, sehemu 1 ya mboji ya majani iliyooza vizuri na sehemu 1 ya changarawe ndogo au mchanga mkali. Mchanga laini wa kupigia lipu haufai, unaziba. Samadi mbichi isiingie kabisa.

Sasa kuhusu mahali. Dafne inataka jua la nusu siku au kivuli chepesi kinachochezacheza, na ikingwe na upepo mkavu wa majira ya baridi. Ukuta unaotazama magharibi ni mzuri. Ukuta wa mashariki una shida yake: asubuhi ya sakitu jua hupiga vitumba vilivyoganda, vinayeyuka ghafla na kuungua. Kaa mbali na mteremko wa paa na bomba la mvua. Na kwa kuwa maua yanakuja wakati ambao hakuna anayekaa bustanini, panda pale unapopita kila siku, karibu na mlango au njia ya kuelekea kwenye gari, ila uache sentimita 70 kutoka ukingo wa njia ili baadaye usilazimike kuikata kila mara.

Panda Machi na Aprili, au Septemba hadi Oktoba mwanzoni. Mwagilia chungu saa 1 kabla. Shimo liwe na upana mara mbili ya chungu lakini kina kile kile, au pungufu kidogo, ili udongo wa chungu ubaki juu kwa sentimita 2 hadi 3. Toa mche kwa kugeuza chungu na kugonga kitako. Usiuvute kwa shina. Mimea mingine huwa tunaambiwa tufumue mizizi kabla ya kupanda, hii usiifumue. Mizizi yake ni minene, ina nyama, na nyuzi ndogo ni chache, kwa hiyo unaoukata haurudi upesi. Kama imejizungusha kitakoni, kata duara hilo tu kwa mkasi na uache pengine.

Rudisha udongo, bonyeza kwa mikono, si kwa kisigino. Mwagilia lita 5. Tandaza majani yaliyooza au magome kwa unene wa sentimita 5, lakini acha duara tupu la sentimita 10 kuzunguka shina, maana matandazo yanayogusa shina yanalilowesha na gome linaoza. Kiangazi cha kwanza mpe lita 5 hadi 8 kwa wiki isiyo na mvua. Kuanzia mwaka wa pili, mwagilia pale tu ukame unapozidi wiki mbili au tatu.

Swali: Dafne yetu ina miaka 4. Julai hii majani yamekuwa manjano na kuanguka, na matawi ya upande mmoja yananyauka ingawa namwagilia kila jioni. Niongeze maji au mbolea? (Msomaji, Portland, Oregon)

Jibu: Usiongeze chochote, na leo hii funga bomba. Hayo maneno "ingawa namwagilia kila jioni" ndiyo yanayotutia wasiwasi.

Mzizi uliooza haunywi. Jani linanyauka kwa kiu huku mizizi imezama, na mwenye bustani akiona limenyauka anazidisha maji. Kuvu aina ya Phytophthora, au kwa usahihi zaidi kiumbe kinachofanana na kuvu, hupenda udongo wenye maji na joto kwa pamoja, maana mbegu zake zina uwezo wa kuogelea ndani ya maji hadi kwenye mzizi. Kwenu Portland mvua ni za majira ya baridi na kiangazi ni kikavu. Maji ya Januari huikuta dafne kwenye udongo baridi na mara nyingi haidhuriki. Maji ya kila jioni ya Julai ni habari nyingine. Wanaopanda dafne kando ya nyasi zinazonyunyiziwa kwa saa ya umeme huipoteza kwa njia hiyo hiyo, bila hata kujua kama waliimwagilia.

Chunguza hivi. Ondoa matandazo yote hadi uone shina linapoingia ardhini. Tia kidole hadi sentimita 7: kama udongo ni wa kushikamana na unanuka uvundo, umeshapata nusu ya jibu. Kisha kwa ukucha au kisu safi kwangua gome kidogo, eneo la punje ya mchele, karibu kabisa na ardhi, na urudie pande tatu nyingine. Chini ya gome zima utaona kijani au weupe wenye majimaji. Palipokufa ni kahawia.

Pande zote zikiwa kahawia, mmea umekwisha hata kama juu bado una majani. Ng'oa pamoja na udongo ulioshika mizizi, tia kwenye mfuko wa taka na si kwenye lundo la mboji, na hapo usirudishie dafne nyingine wala rododendroni. Dawa ya dukani haitaufufua.

Upande mmoja tu ukiwa umekufa, inawezekana kuuokoa, ingawa si kila mara. Kata matawi yaliyokufa hadi penye uhai. Acha udongo wa juu ukauke kwa sentimita 7 kabla ya kumwagilia tena, kisha lita 10 mara moja kila siku 10 hadi 14, taratibu, mbali na shina. Mbolea usubiri hadi mwakani. Mbolea ya chumvichumvi kwenye mizizi michache iliyobaki ni kama kumlisha mgonjwa pilau.

Hata hivyo si kila manjano ni kuoza. Majani ya zamani, yale ya chini na ya ndani, hugeuka manjano na kuanguka wakati machipukizi mapya yanatoka; hiyo ni kawaida ya mmea wowote wa kijani mwaka mzima, kila jani lina umri wake. Jani jipya likiwa la manjano katikati lakini mishipa imebaki kijani, mmea umekosa chuma, na mara nyingi chuma kipo ila udongo una chokaa nyingi kiasi kwamba hauwezi kukichukua. Pima pH, yaani kiwango cha asidi au chokaa kwenye udongo: dafne inastawi kati ya 6 na 7. Ikiwa juu ya hapo tumia cheleti ya chuma, yaani chuma kilichoandaliwa ili mizizi ikichukue kwa urahisi, kwa kipimo cha pakiti, na angalia kama msingi wa saruji au njia mpya iliyomwagwa zege iko karibu. Ncha za majani zikiwa kahawia na kavu, fikiria upepo wa baridi au mbolea iliyozidi.

Kwa mmea mzima mbolea inayotosha ni ukufi mmoja, kama gramu 30 hadi 40, wa mbolea ya mchanganyiko inayoyeyuka polepole, mara moja tu kwa mwaka baada ya maua kuisha. Inyunyizwe chini ya ncha za matawi, sio shinani.

Swali: Nitajuaje kama madoa ya manjano ni ya asili au ni ugonjwa? Pia tawi moja limetoa majani ya kijani matupu. (Msomaji, Birmingham)

Jibu: Tazama umbo la manjano. Ya asili yanakaa ukingoni, yanafuata mzunguko wa jani, na majani yote yanafanana ijapokuwa upana wa pindo unapishana. Ya virusi yanakaa popote: mabaka yasiyo na mpaka katikati ya jani, michirizi kando ya mishipa, majani yaliyopinda au kudumaa, na mmea unabaki na kishungi cha majani kwenye ncha huku matawi yakiwa matupu. Dafne hushikwa na virusi kadhaa, kimojawapo kile kinachojulikana zaidi kwenye matango. Vidukari hubeba, na mkasi wako pia. Tiba haipo. Mmea ulioathirika kidogo unaweza kuchanua miaka kadhaa, basi uache ukitaka, ila usichukue vipandikizi kutoka kwake na usipogoe mwingine kabla ya kufuta mkasi kwa spiriti.

Hilo tawi la kijani ni jambo tofauti kabisa. Pindo la manjano hutokana na seli zenye upungufu wa umbijani, ile rangi ya kijani ya majani, zinazokua sambamba na seli za kijani kwenye ncha moja. Zile za kijani zikiishika ncha peke yake, hutoka tawi la kijani tupu, na kwa kuwa linatengeneza chakula zaidi linakua haraka na kuwafunika wenzake. Likate wiki hii hii, pale linapotokea kwenye tawi mama, sio katikati. Kwa dafne hili halitokei mara nyingi, kwa hiyo ukilikata mara moja huenda usilione tena kwa miaka.

Swali: Tunahama nyumba mwezi wa tisa. Dafne ina miaka 6 na mke wangu hataki kuiacha. Inahamishika? (Msomaji, Reading)

Jibu: Ya miaka 6, hapana. Utaing'oa na donge kubwa la udongo, itaonekana nzima kwa wiki tatu, kisha itaanza kuangusha majani na haitaacha. Mpe shemeji habari njema hii: kutoka kwenye kichaka hicho mnaweza kuondoka na miche 10, iliyo sawasawa na mama yake, pindo la manjano likiwamo. Mbegu zisingewapa hilo, na dafne hii ya bustani ni nadra hata kuzaa.

Wakati ni mwishoni mwa Juni hadi Agosti, machipukizi ya mwaka huu yanapoanza kukakamaa: ukilipinda tawi kidogo linaleta ukinzani lakini bado lina kijani, na chini yake limeanza kuwa na rangi ya mti. Laini sana huoza, gumu sana halitoi mizizi.

Kata asubuhi, kabla jua halijachoma, matawi yasiyo na vitumba, kila moja sentimita 8 hadi 10. Vaa glavu; sababu iko kwenye jibu linalofuata. Ukilikwanyua kwa chini litoke na kipande kidogo cha gome la tawi mama, kama kisigino, ni vizuri zaidi, ila punguza mkia wake mrefu. Ukikata, kata chini kidogo ya kifundo cha jani. Ondoa majani ya nusu ya chini, bana ncha laini ya juu, na majani makubwa yaliyobaki yasikatwe. Chovya milimita 5 za chini kwenye unga wa homoni ya mizizi na ukung'ute uliozidi, ukizidi unaunguza.

Chungu cha sentimita 10 kinatosha vipandikizi 5, vikae pembeni pembeni. Mchanganyiko ni nusu mboji iliyochekechwa na nusu mchanga mkali, uwe umelowa kama kitambaa kilichokamuliwa. Toboa tundu kwa penseli kwanza, usisukume kipandikizi moja kwa moja kwani unga wa homoni utafutika mlangoni. Funika kwa mfuko angavu ulioinuliwa kwa vijiti ili usiguse majani, weka penye mwanga bila jua la moja kwa moja, nyuzi 18 hadi 20. Fungua mfuko dakika 10 kila baada ya siku mbili, toa jani lolote lililoanguka. Mizizi huja wiki ya 6 hadi ya 10. Usivute kujaribu; angalia matundu ya chini ya chungu. Mkiondoka Septemba, chungu kinasafiri ndani ya gari, mapajani ikibidi.

Kuhamisha kila mche kwenye chungu chake subirini hadi masika ijayo, na mguse mizizi kidogo iwezekanavyo. Kupanda ardhini ni mwaka unaofuata. Maua ya kwanza ni kiasi cha miaka 2 hadi 3 tangu kukatwa. Hesabuni hasara: katika vipandikizi 10, kuondoka na 5 au 6 si vibaya.

Asiye na haraka ana njia rahisi kuliko hii. Masika, chukua tawi la chini linaloinama, likwaruze gome kwa chini urefu wa sentimita 3, lilaze ardhini kwenye udongo uliochanganywa mchanga, libane kwa waya uliokunjwa, ncha itazame juu. Baada ya mwaka mmoja hadi mmoja na nusu lina mizizi yake, unalitenga na mama.

Swali: Nina mtoto wa miaka 2 na mama yangu anakuja kutoka Zanzibar. Amesikia ua linavyonukia anataka kusukia kikuba. Kuna ubaya? (Msomaji, London)

Jibu: Upo, na tunashukuru umeuliza kabla. Dafne nzima ni sumu: majani, gome, maua, na matunda pale yanapotokea. Akitafuna, mtu huungua mdomo na koo, midomo huvimba, kisha tumbo, kutapika na kuharisha. Utomvu wake ukigusa ngozi unaweza kuwasha na kutoa malengelenge, hasa penye ngozi laini. Kikuba kinakaa kifuani au kwenye nywele saa nzima nzima, na kwa joto la mwili maua yaliyochumwa yanachuja utomvu kwenye vikonyo. Mwambie mama abaki na asumini na rehani, ua hili alinuse likiwa kichakani. Kwenye chombo cha maji juu ya kabati, vishada 2 vinatosha chumba kizima, na anayekata avae glavu na aoshe mkasi.

Kwa mtoto: kama bado anatia kila kitu mdomoni, usipande karibu na anapochezea. Akitafuna jani, mfute na kumsuuza mdomo, mpe maji kidogo anywe, usimlazimishe kutapika, maana kinachounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Piga 111 kwa ushauri, au 999 kama anapumua kwa shida au amelegea. Weka tawi la mmea uwaoneshe. Kwa wasomaji wa Marekani, kituo cha sumu ni 1-800-222-1222. Mbwa nao wana hatari hiyo hiyo.

Swali: Dafne yangu iko kwenye chungu kibarazani, ina majani mazuri lakini miaka miwili haijachanua. (Msomaji, Cardiff)

Jibu: Uliipogoa lini? Vitumba hujitengeneza kwenye ncha kuanzia kiangazi, kwa hiyo anayekata matawi Septemba anakata maua ya Februari. Kupogoa ni mara moja, maua yanapoisha, na ni kupunguza tu sentimita 5 hadi 10 juu ya jani. Tawi la zamani lisilo na jani ukilikata huenda lisichipue tena.

Kama hukupogoa, basi ni kivuli kizito, au mbolea yenye nitrojeni nyingi inayosukuma majani. Mbolea ya kukuzia nyanya, nusu ya kipimo, mara 2 kati ya Aprili na Juni, itasaidia. Chungu kiwe cha udongo wa kufinyangwa, kina sentimita 35 au zaidi, kiinuliwe kwa vigae ili tundu lisizibe. Wakati wa sakitu kali kifunge kwa gunia, kwani mizizi ya chunguni hugandishwa pande zote wakati ile ya ardhini imejikinga.

Swali: Niko Mombasa, Nyali. Nimeiona dafne kwa dada yangu Ulaya nikatamani. Nikiletewa mche itaota huku? Kama haioti, nipande nini chenye majani ya rangi mbili na harufu? (Msomaji)

Jibu: Usimsumbue dada. Usiku wa Mombasa hauna baridi ambayo dafne inaihitaji ili ichanue, na joto lenye unyevu litaimaliza mizizi. Mche kuvuka mpaka nao unataka kibali cha kuingiza mimea na cheti cha ukaguzi, si wa kutia begini.

Kinachokufaa ni gadenia ya majani ya rangi mbili, Gardenia jasminoides, kijani na krimu, ua jeupe la harufu nzito jioni. Ila kuna mtego. Gadenia inataka udongo wenye asidi, pH 5 hadi 6, na ardhi ya Nyali imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ambao ni chokaa tupu. Ukiipanda ardhini majani mapya yatakuwa manjano yenye mishipa ya kijani, utamlaumu muuza miche bure. Ipande kwenye chungu cha sentimita 40.

Changanya sehemu 2 za mboji ya majani, sehemu 1 ya udongo mwekundu wa bara na sehemu 1 ya makumbi ya nazi yaliyosagwa. Makumbi yasiwe yale yaliyofukiwa ufukweni kwa kusokota kamba, kwani yamejaa chumvi ya bahari. Huna njia ya kujua yalikotoka? Yaloweke kwenye ndoo ya maji baridi, mwaga, rudia mara 3. Maji ya kisima cha Pwani yana chokaa na mara nyingi chumvi pia, kwa hiyo maji ya mvua ya masika yaliyokingwa kwenye pipa ndiyo ya gadenia. Ya bomba ni akiba. Manjano yakianza, tumia cheleti ya chuma aina ya EDDHA, maana aina nyingine hushindwa penye chokaa.

Jua liwe la asubuhi hadi saa 4 au 5. La mchana linaunguza sehemu za krimu za jani, zinakuwa kahawia kama karatasi iliyokaribia moto. Mwagilia pale udongo wa juu unapokauka kwa sentimita 2, kwa utaratibu ule ule kila siku. Chungu kikikauka kabisa halafu kikafurikishwa, vitumba vinadondoka kabla ya kufunguka, na hilo ndilo lalamiko kubwa la wenye gadenia.

Ukiona ukungu mweusi kama masizi juu ya majani, usihangaike na masizi. Geuza jani utafute vidung'ata weupe au inzi weupe, ambao mkojo wao mtamu ndio unaoota ukungu. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mililita 5 kwa lita 1 ya maji, nyunyiza chini ya majani jioni, rudia baada ya siku 5, mara 3. Kesho yake asubuhi suuza kwa maji matupu.

Kwenye vitalu utaoneshwa pia Murraya paniculata, yenye ua jeupe linalonukia kama la mchungwa. Haina shida na udongo, lakini ni makazi ya mdudu Diaphorina citri, anayesambaza ugonjwa unaoua michungwa na milimau. Kama wewe au jirani ana mlimau uani, iache kitaluni.